Fibromayalgia: ESR na CRP ni za kawaida, sasa kinga ya mwili inaingilia wapi?

Tabibu_wa_Wilaya (mwanzisha mada)

Habari za kazi wakuu. Naomba wenye ujuzi wa magonjwa ya viungo na maumivu sugu watufafanulie jambo hili.

Tumefundishwa kwamba fibromayalgia, yaani maumivu sugu ya mwili mzima yenye uchovu, si ugonjwa wa mchochota: viungo havivimbi, X-ray haina kitu, ESR na CRP (vipimo vya damu vya mchochota) zinarudi kawaida. Lakini kila baada ya muda zinatoka tafiti zinazotaja saitokaini (kemikali za kinga), mikroglia (chembe za kinga za ubongo), antibodi, hadi neutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu). Mgonjwa anazisoma kwenye simu, anafika kliniki na hitimisho lake mkononi: "kumbe kinga yangu ndiyo inanishambulia, nipeni dawa ya kuishusha." Mwingine ameshaambiwa huko alikotoka kwamba vipimo ni safi, kwa hiyo hana ugonjwa, ni mawazo tu. Wote wawili wanateseka, na wote wawili wanahitaji jibu lenye akili.

Maswali yangu ni haya. Ushahidi wa kinga ya mwili kuhusika una uzito gani hasa? Kama upo, mbona diclofenac (ya kutuliza mchochota) na prednisolone (steroidi) hazisaidii? Ni vipimo gani vya kuagiza na vipi ni kupoteza hela ya mgonjwa? Na yule mwenye baridi yabisi ya kweli, ile ya rumatoidi ambapo kinga hushambulia viungo, ambaye CRP imeshatulia lakini bado analia mwili mzima, tumpandishie dawa?

Tafadhali msinijibu "apunguze msongo wa mawazo na ale vizuri". Nataka sababu, dozi na utaratibu.

---

Daktari_Neva

Mkuu, hapo kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza, je, chembe za kinga zinashiriki katika kuzalisha maumivu haya? Ushahidi unazidi kuelekea ndiyo, angalau kwa sehemu ya wagonjwa. La pili, je, kuna mchochota ule tunaoujua wa kiungo kuvimba, kupata joto na kumomonyoka? Hapana. Ukiyatenganisha hayo, mengine yanakaa sawa.

Dhana yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1904 William Gowers wa London aliita hali hii "fibrositis" akiamini kwamba tishu za nyuzi zimepata mchochota. Waliokuja baadaye wakakata vipande vya misuli na kuviweka chini ya hadubini hawakukuta mchochota wa maana, na kuanzia 1976 jina la fibromayalgia likachukua nafasi. Kwa hiyo misuli ilishakaguliwa. Kinachotafutwa leo kipo kwenye neva.

Nianze na ushahidi dhaifu. Saitokaini za kwenye damu, hasa IL-6 na IL-8, zimeonekana kupanda katika baadhi ya tafiti na nyingine hazikuona kitu. Hata zinapopanda, namba za wagonjwa na za wazima zinaingiliana mno kiasi kwamba huwezi kumwangalia mtu mmoja ukasema anao au hana. Tena mafuta ya mwilini yenyewe huzalisha IL-6, na kukosa usingizi huipandisha. Utafiti usiopima uzito na usingizi wa washiriki wake, mimi siupi nafasi kubwa.

Maji ya uti wa mgongo yanasema zaidi. Substansi P, kemikali ya kupitisha ishara za maumivu, ilikutwa juu kwa wagonjwa huko Norway mwaka 1988, na Wamarekani wakapata hivyohivyo mwaka 1994, karibu mara 3 ya watu wazima wasio na ugonjwa. Mwaka 2012 watafiti wa taasisi ya Karolinska, Stockholm, wakakuta IL-8 imepanda kwenye maji hayo. Kisha mwaka 2019 kundi la Boston na lile la Stockholm wakaunganisha picha zao za PET, yaani picha za ubongo zinazopigwa kwa kifuatilizi chenye mionzi. Walitumia kifuatilizi kinachonata kwenye protini ya TSPO, ambayo huongezeka chembe za glia (zile zinazohudumia neva) zinapoamka, na wakaona ishara imepanda kwenye gamba la ubongo. Sehemu moja ilipanda sambamba na kiwango cha uchovu. Kifuatilizi kingine, kinachoegemea zaidi astrosaiti (aina nyingine ya glia), hakikuonyesha tofauti, ndiyo maana wakainyooshea kidole mikroglia. Tahadhari ni kwamba TSPO si mali ya mikroglia peke yake, na kuna tofauti ya kijeni inayofanya watu wengine wasishike kifuatilizi hicho vizuri, hivyo lazima kila mshiriki apimwe jeni kwanza. Si kipimo cha kumwandikia mgonjwa.

Sasa ule mkubwa. Mwaka 2021 watafiti wa London, Liverpool na Stockholm walichukua antibodi aina ya IgG kutoka kwa wagonjwa wa Uingereza na Sweden wakawadunga panya. Panya wakawa wanashtuka kwa mguso na baridi kuliko kawaida, wakapunguza kutembea, nguvu ya kushika ikashuka, na nyuzi ndogo za neva kwenye ngozi yao zikapungua. Waliodungwa IgG ya watu wazima hawakupata chochote. Seramu ya wagonjwa iliyoondolewa IgG nayo haikufanya kitu, na hicho ndicho kipengele kinachonishawishi zaidi, maana kinaonyesha kwamba mzigo upo ndani ya IgG. Baada ya wiki chache, antibodi zilipoisha mwilini, panya walirudi kawaida.

Na zilikwenda kunata wapi? Si kwenye ubongo wala uti wa mgongo wenyewe. Zilikutwa kwenye vifundo vya neva vilivyo kando ya uti wa mgongo, kwenye chembe za glia zinazozungushia neva za hisia. Vifundo hivyo havina kizuizi kigumu cha damu kama ubongo ulivyo nacho, antibodi inapita. Mwaka 2023 kundi jingine la London likaonyesha kwa panya kwamba neutrofili nazo huingia kwenye vifundo hivyohivyo, na ukizihamisha unahamisha maumivu.

Ongeza na nyuzi ndogo za neva kwa binadamu. Mwaka 2013 makundi mawili, moja la Marekani na jingine la Ujerumani, yalionyesha kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa wamepungukiwa nyuzi hizo kwenye ngozi. Wale wa Marekani walikuta asilimia 41. Kipimo ni kipande cha ngozi cha milimita 3 kinachokatwa kama sentimita 10 juu ya kifundo cha mguu, kisha nyuzi zinahesabiwa. Ni zaidi ya theluthi, lakini si wote. Ndiyo maana nasema "sehemu ya wagonjwa": huenda chini ya jina hili moja kuna magonjwa zaidi ya moja.

Kwa hiyo mgonjwa anayesema "kinga yangu inanishambulia" ana kipande cha ukweli, ila ameruka hatua. Panya kupata maumivu kwa IgG hakujatoa kipimo cha hospitali, na hakujatoa tiba. Na yule aliyeambiwa "ni mawazo" alidanganywa.

---

Benchi_la_Maabara

Naongezea upande wa benchi, kwa sababu namba mbovu huzalisha ugonjwa usiokuwepo.

ESR kwanza. ESR hupima kasi ya chembe nyekundu kushuka kwenye mrija. Njia ya Westergren inataka damu sehemu 4 kwa sitrati (ya kuzuia kuganda) sehemu 1, mrija wa milimita 200 usimame wima, usomwe dakika ya 60, si "baadaye nikimaliza hizi nyingine". Mrija ukiinama nyuzi 3 tu, matokeo yanaweza kupanda kwa kama asilimia 30. Chumba kikiwa na joto juu ya nyuzi 25, ESR inapanda. Maabara isiyo na kiyoyozi Tanga au Mombasa saa 8 mchana inapika namba. Stendi ikiwekwa meza moja na sentrifyuji inayotikisika, vivyo hivyo. Damu ikikaa zaidi ya saa 4 nje ya friji, itupwe ichukuliwe nyingine.

Halafu kuna mwili wenyewe. Upungufu wa damu na ujauzito hupandisha ESR bila mchochota wowote. Ugonjwa wa selimundu hufanya kinyume: chembe zilizopinda hazipangani kama sarafu, ESR inabaki chini hata mgonjwa akiwa na maambukizi. Kikomo cha haraka kwa umri: mwanaume gawa umri kwa 2, mwanamke ongeza 10 kwenye umri kisha gawa kwa 2. Mama wa miaka 50 mwenye ESR 28 yuko ndani ya kikomo chake, lakini fomu nyingi zitamwekea alama nyekundu kwa sababu zimechapishwa "0–20" kwa kila mtu.

CRP ni imara zaidi kwa mazingira yetu. Mwenye fibromayalgia akiwa mnene, CRP ya kiwango nyeti inaweza kucheza juu ya 3 na chini ya 10 mg/L, na hiyo mara nyingi ni mafuta, si viungo. Ikivuka 10, rudia baada ya wiki 2. Ikibaki juu, usiandike fibromayalgia ukafunga faili: tafuta kifua kikuu, jipu la meno, mkojo, rumatoidi.

Kero yangu kubwa ni ile "paneli ya baridi yabisi" ya latex inayouzwa kwa pamoja: RF (antibodi ya rumatoidi), ASO (antibodi ya bakteria wa streptokoka) na asidi ya yuriki (ya gauti). ASO ikipanda inakwambia tu kwamba mtu aliwahi kupambana na streptokoka, labda koo la miezi iliyopita. Asidi ya yuriki juu bila shambulio la gauti si gauti. RF hutoka chanya kwenye kifua kikuu, homa ya ini C, hata malaria. Mtu mwenye maumivu ya mwili mzima akipimwa vitu vitatu, mara nyingi kimoja kitang'aa, na hapo anaanzishiwa safari isiyo na mwisho.

ANA, antibodi dhidi ya viini vya chembe, ni hivyohivyo. Seramu ikizimuliwa 1:40 karibu theluthi ya watu wazima wasio na ugonjwa ni chanya, kwenye 1:80 kama asilimia 13, kwenye 1:160 kama 5. Ripoti inayosema "ANA chanya" bila kutaja kiwango irudishwe maabara. Na msiagize ANA kama hakuna dalili ya lupus (ugonjwa wa kinga kujishambulia): upele wa uso, vidonda vya mdomo, protini kwenye mkojo, chembe za damu kushuka.

Kinachotosha ni picha kamili ya damu, CRP au ESR, TSH (tezi ya shingo), kreatinini (figo), ALT (ini), sukari na HIV. CK (kimeng'enya cha misuli) ikiwa kuna udhaifu wa kweli wa misuli au anatumia statini, dawa ya kushusha lehemu. Brusela kwa mfugaji au mnywaji wa maziwa mabichi. Kalsiamu, fosfati na ALP (kimeng'enya cha mifupa na ini) kwa asiyepata jua, kwa sababu mifupa laini nayo huuma mwili mzima na huyo anatibika kabisa. Kwa watu wa pwani, ulizeni kama maumivu yalianza baada ya homa ya ghafla yenye viungo kukakamaa. Mlipuko wa chikungunya wa Mombasa wa 2017 na 2018 haukuacha watu wote wakiwa salama viungo.

Kuhusu saitokaini: zipo maabara zinazouza kifurushi cha IL-6 na TNF kwa wagonjwa wa maumivu. IL-6 inabadilika kati ya asubuhi na jioni. Namba moja ya IL-6 haina kazi hapa.

---

Tabibu_wa_Wilaya

Nimeshukuru sana, hasa hiyo ya ANA. Bado naomba jibu la mgonjwa wa rumatoidi aliyetulia kwenye damu lakini alama ya DAS28, ile ya kupima ukali wa rumatoidi kwa viungo 28, bado iko juu. Mwongozo unasema alama ikiwa juu ongeza dawa.

---

Bingwa_wa_Viungo

Hapo ndipo pesa na ini za watu zinapoteketea, kaka.

Kati ya wagonjwa 5 wa rumatoidi, karibu 1 ana fibromayalgia juu yake. Vigezo vya fibromayalgia vya 2016 vinaruhusu utambuzi huo hata kama kuna ugonjwa mwingine, kwa hiyo usimwambie mtu "una kimoja, huwezi kuwa na kingine".

Tazama jinsi DAS28 inavyojengwa. Ni 0.56 mara kipeuo cha pili cha idadi ya viungo vinavyouma ukivibonyeza, jumlisha 0.28 mara kipeuo cha pili cha idadi ya viungo vilivyovimba, jumlisha 0.70 mara logi asilia ya ESR, jumlisha 0.014 mara alama ya mgonjwa mwenyewe kati ya 0 na 100. (Kipeuo cha pili cha 16 ni 4.) Chukua mtu mwenye viungo 16 vinavyouma, kimoja kilichovimba, ESR 12, na anajipa 80. Unapata 2.24 + 0.28 + 1.74 + 1.12 = 5.38. Zaidi ya 5.1 ni "ugonjwa mkali". Lakini angalia namba zimetoka wapi: maumivu na alama ya mgonjwa vimechangia 3.36, uvimbe umechangia 0.28. Fomula inayapa maumivu ya kubonyeza uzito maradufu kuliko uvimbe. Ukimwongezea methotrexate, dawa ya kushusha kinga, kutoka 15 hadi 25 mg kwa wiki, au ukamhamishia dawa ya kibayolojia, unatibu hesabu.

Alama ya kushtukia: viungo vinavyouma vikizidi vilivyovimba kwa 7 au zaidi, simama umkague fibromayalgia kabla ya kuandika chochote.

Ukaguzi wenyewe unahitaji vidole, si karatasi. Shika mstari wa kiungo cha kidole kwa vidole gumba viwili, kimoja kikibonyeza na kingine kikipokea. Mchochota wa kweli unahisi ute laini unaosukumwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na makunyanzi ya ngozi juu ya kiungo yanapotea. Mwenye fibromayalgia atakwambia vidole vimevimba, pete haiingii, lakini mkono wako haukuti ute. Kisha bonyeza mahali pasipo na kiungo: katikati ya mkono kati ya kiwiko na kifundo, ugoko, nyama ya bega. Nguvu ya kubonyeza ni ile inayofanya ukucha wako kuwa mweupe, karibu kilo 4. Akiruka huko pia, tatizo halipo kwenye utando wa kiungo. Ukipata mashine ya ultrasaundi yenye Doppler (inayoonyesha mtiririko wa damu), utando usio na mtiririko wa damu unamaliza ubishi.

Halafu mjazie fomu ya 2016. Sehemu 19 za mwili, kila inayouma katika siku 7 zilizopita ni pointi 1. Ukali wa dalili: uchovu, kuamka bila kupumzika na akili kuwa nzito, kila moja 0 hadi 3, kisha kichwa, tumbo la chini na sonona, kila moja pointi 1 kama vimekuwepo ndani ya miezi 6. Anahitaji maeneo 7 na ukali 5, au maeneo 4 hadi 6 na ukali 9, maumivu yakiwa katika kanda 4 kati ya 5 za mwili, kwa miezi 3 au zaidi. Taya, kifua na tumbo huhesabiwa kwenye 19 lakini si kwenye kanda. Watu wengi hukosea hapo.

Angalizo la upande wa pili, ili tusije tukaita kila kitu fibromayalgia. Mtu wa zaidi ya miaka 50, mabega na nyonga vimekakamaa asubuhi zaidi ya dakika 45, CRP juu: huyo ni polimayalgia ya rumatiki, na prednisolone 12.5 hadi 25 mg kwa siku kwa kawaida humfanya atambue tofauti mapema kabisa. Kijana mwenye mgongo ulioanza kabla ya miaka 45, unaomwamsha usiku wa manane na kupungua akitembea, ana uwezekano wa ugonjwa wa uti wa mgongo wa mchochota, na yeye dawa kama diclofenac humfaa.

---

Mfamasia_Kaunta

Kwa nini diclofenac haishiki: inazuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini pale tishu ilipoumia. Kwenye fibromayalgia misuli haina prostaglandini za ziada za kuzuia. Kelele iko kwenye vifundo vya neva, uti wa mgongo na ubongo, na wapigaji wake ni kemikali nyingine. Unamwaga maji jikoni wakati kinachoungua ni chumbani. Mwongozo wa 2017 wa EULAR, umoja wa Ulaya wa wataalamu wa viungo, haukuzipendekeza kabisa dawa za kundi hilo, wala steroidi, wala afyuni kali.

Gharama ya kuendelea nazo inajulikana. Sindano ya diclofenac 75 mg kila wiki kwa mama anayetumia enalapril na hydrochlorothiazide ya presha ni njia ya haraka ya kuharibu figo: dawa tatu zinabana mtiririko wa figo kwa pande tatu. Nikiona cheti hicho kaunta, simu kwa daktari inapigwa kwanza.

Steroidi: tangu 1985 kuna jaribio la prednisone 15 mg kwa siku dhidi ya kidonge tupu, na haikufaa kitu. Zinachanganya kwa sababu siku za mwanzo mtu hupata nguvu na hamu ya kula, anaamini amepona. Akizitumia zaidi ya wiki 3 kisha akaacha ghafla, mwili unauma kotekote, na maumivu hayo ya kuachishwa yanafanana sana na fibromayalgia yenyewe. Kwa hiyo anarudi kununua. Mgonjwa mwenye uso uliojaa, sukari na presha vimepanda, na anasema kuna unga wa mitishamba unaomtuliza "kabisa": ombeni auonyeshe. Dawa za asili za viungo zimewahi kukutwa zimetiwa dexamethasone. Msimwachishe siku hiyo hiyo. Ashushwe taratibu na daktari.

Zinazotumika ni hizi. Amitriptyline 10 mg, saa 1 hadi 2 kabla ya kulala, unaongeza 10 kila wiki 1 hadi 2, mwisho 50. Shida yetu ni kwamba vidonge vingi madukani ni vya 25 mg. Kata nusu uanze na 12.5. Ukianzia 25 nzima, anaamka kama amelewa, mdomo mkavu, choo kigumu, na siku ya tatu ameshatupa pakiti. Asipewe mwenye glakoma ya pembe finyu, tezi dume inayozuia mkojo, au matatizo ya mapigo ya moyo. Duloxetine 30 mg kwa wiki 1 kisha 60, pamoja na chakula kwa sababu ya kichefuchefu, si kwa mwenye ugonjwa wa ini. Pregabalin 75 mg usiku, kisha 75 mara 2, hadi 150 mara 2. Miguu kuvimba na uzito kupanda ndiyo malalamiko, na dozi ishuke kama figo ni dhaifu. Marekani iliziidhinisha pregabalin 2007 na duloxetine 2008 kwa ugonjwa huu. Ulaya haijaidhinisha hata moja, na mwongozo wa NICE wa Uingereza wa 2021 unasema pregabalin isianzishwe kwa maumivu sugu ya namna hii. Kwa hiyo msiziuze kama muujiza. Wiki 4 hadi 8 bila nafuu, iondolewe, isirundikwe juu ya nyingine. Na tramadol pamoja na amitriptyline au duloxetine ni hatari ya degedege na serotonini kuzidi.

---

Kijana_wa_Pwani88

Na naltrexone dozi ndogo je? Naona huko nje wanaisifu kwamba inalaza mikroglia. Na manjano?

---

Mfamasia_Kaunta

Naltrexone: wazo ni kwamba dozi ndogo inaziba kipokezi cha TLR4 kwenye mikroglia. Jaribio dogo la Stanford la 2013, wanawake 31, 4.5 mg usiku, lilionyesha nafuu. Kisha Denmark wakafanya kubwa zaidi, wanawake 99, 6 mg kwa wiki 12, na maumivu hayakutofautiana na kidonge tupu kwa kiasi cha kuaminika. Mlango haujafungwa, lakini si dawa ya kuagiza kwa kila mtu. Halafu kidonge cha kawaida ni 50 mg: ukitaka 4.5 inabidi ukigawe vipande 11, jambo ambalo wembe hauwezi. Lazima famasi inayochanganya dawa. Na kamwe isipewe anayetumia tramadol, kodeini au morfini. Itamwangusha kwenye kuachishwa ghafla.

Manjano: kurkumini ni kama asilimia 3 ya unga, na inayofika kwenye damu ni kidogo mno. Pilau itakuwa nzuri. Kwa anayetumia warfarin (ya kuzuia damu kuganda), vidonge vya kurkumini vya dozi kubwa viachwe.

---

Fizio_Mazoezi

Kitu pekee ambacho EULAR 2017 ilikipa pendekezo la nguvu kilikuwa mazoezi, na ajabu ni kwamba ndicho kinachoandikwa kwa mstari mmoja mwishoni mwa cheti: "fanya mazoezi". Bila dozi ni sawa na kuandika "meza dawa".

Kinachoharibika ni mwanzo. Mtu anaambiwa atembee nusu saa, anatembea nusu saa, siku mbili zinazofuata hainuki kitandani, anahitimisha kwamba mazoezi yanamuumiza na anaacha moja kwa moja. Neva zilizoamka zinajibu kwa ukubwa wa ongezeko kuliko kwa kiasi chenyewe. Kwa hiyo mwulize anachoweza leo bila kulipia kesho. Akisema dakika 8, mwandikie 5 au 6, siku 3 kwa wiki, kwa mwendo ambao anaweza kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ongeza kama asilimia 10 kwa wiki. Lengo ni dakika 20 hadi 30.

Siku za nguvu asizidishe "kufidia". Mwanamke anayefua, kuchota maji na kupika siku moja ameshafanya kazi kubwa, ihesabiwe. Maumivu yakipanda zaidi ya saa 48, rudi nusu ya kiasi, usisimame kabisa.

Mazoezi ya nguvu yanafaa pia. Utafiti wa Sweden wa 2015 kwa wanawake 130 ulianza na asilimia 40 ya uzito wa juu wanaoweza kunyanyua mara moja, wakapanda hadi 80, mara 2 kwa wiki kwa wiki 15, na maumivu yalipungua. Bila vifaa vya gym, asilimia 40 ni takribani uzito anaounyanyua mara 15 hadi 20 akiwa bado na akiba. Chupa ya maji ya lita 1.5 ni kilo 1.5, kukaa na kusimama kwenye kiti mara 10 kunatosha kwa mapaja. Pumzika angalau siku moja kati ya vipindi. Wiki 3 hadi 4 kabla ya kupandisha uzito, na ukipandisha, punguza marudio.

Kwa mwenye rumatoidi na fibromayalgia kwa pamoja: kiungo kilichovimba na chenye joto siku hiyo kiachwe, kifanyiwe kunyooshwa tu bila uzito, sehemu nyingine za mwili ziendelee na ratiba. Akija na homa, uzito umeshuka bila sababu, au udhaifu wa upande mmoja, mazoezi yasimame na arudishwe kwa daktari siku hiyohiyo.